Nyavu Zilizoanikwa Nalemsoi

Jumapili, 12 Januari

Mwalimu Chelangat ametaka kila mwanachama wa Chama cha Historia aandike shajara muhula huu wote, hata kama siku nyingine ni mstari mmoja tu. Hatazisoma. Anasema anayetaka kuandika historia ya watu wengine aanze kwa kuzoea kusema kweli juu ya siku yake mwenyewe.

Basi kweli ni hii. Naitwa Nyadak. Nasoma Gredi ya Tisa katika shule ya bweni hapa Lodwar. Kwetu ni Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, ambako mama yangu anauza samaki wakavu, na huko ndiko nilikozaliwa. Bwenini nalala kitanda cha juu. Cha chini analala Nawoi, msichana mgeni aliyehamia muhula huu, na hapendi kuongea.

Alhamisi, 16 Januari

Kazi ya chama imetolewa. Tutaandika wawili wawili historia na mila za kijiji kimoja, kisha tuisome mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Nilisema mimi nitaandika kuhusu Kakuma.

Maryanne, ambaye baba yake ni afisa wa kaunti, akasema, "Kakuma si kijiji, ni kambi. Kijiji ni mahali watu wenu wamezikwa."

Wakacheka. Nikamwambia kambini pia watu wamezikwa. Kicheko kikakatika, lakini sikufurahi kuwanyamazisha kwa neno hilo.

Jumatatu, 20 Januari

Nimepangwa na Nawoi. Anasema yeye ni wa hapa hapa Lodwar, tuandike kuhusu soko.

Alhamisi, 23 Januari

Joto. Bati la bweni linalia mchana kutwa.

Jumatano, 29 Januari

Leo Maryanne aliingia bwenini, akaziba pua. "Nani ametuletea ziwa humu ndani? Ama mna samaki chini ya kitanda, mabeste?"

Nilimwona Nawoi akisukuma begi lake kuukuu ukutani kwa kisigino. Nikasema, "Ni begi langu. Mama yangu anauza samaki."

"Si ungesema mapema tukuhamishe jikoni."

Jioni tulikutana bombani. Nawoi alinitazama huku ndoo ikijaa mpaka ikamwagika.

"Mbona umesema ni lako?"

"Kwani langu halinuki?"

Alicheka. Sikujua ana mwanya. Kisha akasema taratibu, kana kwamba anashusha mzigo, "Kwetu si Lodwar. Ni Nalemsoi, ziwani, mbele ya Kalokol. Wenye ng'ombe wanatuita watu waliokosa mifugo. Ndiyo maana sikusema."

Nilimwambia kwamba watu wa baba yangu wana ng'ombe na samaki vilevile, na hawaoni aibu ya hata kimoja. Alifunga bomba. Kisha akaniambia tutaandika kuhusu Nalemsoi.

Jumamosi, 8 Februari

Siku nzima Nawoi amesimulia nami nimeandika. Naweka hapa yale niliyoyapenda zaidi.

Nalemsoi ilianzishwa na familia zilizofika ziwani kwa miguu baada ya ukame kumaliza mifugo yao. Mwanzoni waliona aibu kula samaki, walikuwa wakila wakiwa wamezipa njia mgongo. Hawakuwa na nyavu. Walisuka makapu ya makuti ya mkoma, mapana chini na membamba juu, yasiyo na kitako. Wanaume na wanawake waliingia majini kwa mstari mmoja, wakiyakandamiza makapu chini, na aliyesikia kitu kikigonga alipitisha mkono kwa juu akamtoa samaki. Nyavu na maboti yalikuja baadaye sana.

Kijiji kimehama zaidi ya mara moja, maana ziwa likipanda linafuata nyumba. Kanisa la zamani sasa limo majini. Nguzo zake zinaonekana, na ndege weusi wanaanika mabawa juu yake.

Milango yote inatazama maji. Hakuna kupiga mbinja ndani ya boti. Mtoto akivua samaki wake wa kwanza, hampeleki kwao, anampeleka kwenye nyumba ambayo siku hiyo haikupata kitu. Na mtu akiwa ziwani, jina lake haliitwi ufukweni mpaka arudi, ziwa lisije likalizoea.

Nimemuuliza siku hizi wanatumia nyavu za namna gani. Akafunga daftari langu kwa mkono wake. "Kwa leo tumemaliza."

Jumanne, 18 Februari

Mwalimu Chelangat amesoma rasimu yetu. Anasema ni nzuri, ila nimeandika "inasemekana" kila mahali. "Inasemekana na nani? Nenda ukamwone huyo anayesema." Kwa hiyo mapumziko ya katikati ya muhula nitakwenda Nalemsoi na Nawoi. Mama amekubali kwa simu ya mwalimu.

Jumatano, 26 Februari

Mama ametuma furushi kwa dereva wa pikapu kutoka Kakuma, limefungwa kwa gunia na magazeti. Ni la mama ya Nawoi. Kwenye simu alinionya, "Usiingie kwa mama ya mtu mikono mitupu ukanitia haya." Nimelificha chini ya nguo zangu. Nataka liwe jambo la kushtukiza.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeharibu. Nitaandika kwa mpangilio ili nielewe ni wapi.

Tulifika Nalemsoi jana mchana kwa pikipiki kutoka Kalokol. Kitu cha kwanza nilichokiona ni nyavu. Zilining'inia kwenye fito ufuo mzima, kavu, zimejaa vumbi, na kuku walikuwa wamelala chini yake. Maboti yalikuwa yamepinduliwa mchangani. Nyumba nyingine hazikuwa na milango wala watu. Nilifikiri labda ni siku ya mapumziko.

Mama ya Nawoi anaitwa Adome. Ni mrefu kama shangazi zangu. Alikaa mlangoni akitazama maji. Nikamsalimu, "Ejok, mama," akaitikia, "Ejok-nooi," bila kugeuza macho. Wanawake majirani wakaja kumwona mgeni. Akaja pia Ekidor, mkubwa wa maboti, mwenye kovu refu begani.

Basi nikaona wakati ni huo. Nikalitoa furushi, nikapiga goti kama mama alivyonifundisha, nikalifungua mbele ya Adome. Samaki wakavu, wakubwa, wale ambao mama huwaweka kwa ajili ya harusi.

Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Nawoi akaziba mdomo.

"Nani alikutuma wewe?" akauliza jirani mnene kwa sauti kali. "Nani?"

"Ni huyo Ekidor!" akasema mwingine. "Amechoka kungoja, ametafuta mtoto ya watu!"

"Mimi?" Ekidor akainua mikono yote miwili. "Huyu msichana hata simjui! Watoto yangu wanalala njaa, ndiyo, lakini mimi siwezi fanya hii kitu. Mama Nawoi, haki ya Mungu, sio mimi."

Adome alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Sema. Nani?"

"Mama yangu."

"Mama yako ananijua?"

"Hapana. Alisema tu nisije mikono mitupu."

Nawoi alinivuta nyuma ya nyumba na kunieleza, akilia kwa hasira. Mwezi wa kumi kaka yake alitoka na Ekidor, upepo wa alfajiri ukapindua boti. Ekidor alirudi amekumbatia jerikeni. Kaka yake hajarudi, wala hajaonekana. Na Nalemsoi wana mila moja ambayo Nawoi hakutaka niiandike. Ziwa likimchukua mtu, nyavu zote zinatoka majini. Hakuna anayekula kutoka kwenye maji yaliyochukua mtoto wa mtu, mpaka mama yake mwenyewe aingie na kapu, atoe samaki, aseme kuleni. Kwa kawaida ni wiki chache. Na ni mwiko mtu yeyote kumhimiza. Kumpelekea samaki mlangoni ni kumwambia, "Kilio chako kimetosha."

"Umemwambia mama yangu amsahau mtoto wake," Nawoi alisema. "Mbele ya watu wote."

"Sikujua! Hukuniambia una kaka!"

"Ningekwambiaje? Akiwa ziwani hatumtaji."

Akiwa ziwani. Hapo ndipo nikaelewa. Miezi yote hii, kwa Adome, kijana wake bado yuko kazini.

Jioni nilikwenda kuomba msamaha. Adome alikuwa ameshawatundika samaki wangu darini, juu kabisa, hawakuliwa wala kutupwa.

"Keti," akasema. "Baba yako yuko wapi?"

Nikamweleza. Nilipokuwa mdogo alirudi kwao ng'ambo ya mpaka, kando ya mto, kumchukua bibi yangu, vita vikamkuta njiani, na hakuna aliyemwona tena.

"Mama yako alimlilia?"

"Hapana. Kila jioni anampakulia chakula, anafunika bakuli na kuliweka kando."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Alivuta kanga yake mabegani. "Na asubuhi hiyo chakula inaenda wapi?"

"Mama ananiambia nikaoshe bakuli. Hasemi kitu kingine. Nakula kwanza, halafu naosha."

Adome alinitazama sana. Uso wake ukalegea kidogo, si tabasamu, lakini kitu kilicho jirani yake. "Kwa hiyo huyo mzee amekulisha miaka yote hiyo," akasema.

Sikuwahi kufikiri hivyo.

Jumatatu, 3 Machi

Tumerudi shuleni. Njia nzima Nawoi hakusema neno. Amehamia kitanda cha mwisho, karibu na mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Nawoi hajazungumza nami.

Jumatano, 12 Machi

Hajazungumza nami. Mawingu upande wa Loima, yakatawanyika.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nilijaribu kumhukumu Ekidor, kwamba ndiye aliyerudi peke yake, nikashindwa. Namkumbuka akisema watoto wake wanalala njaa, na nyavu ziko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Angeweza kwenda kuvua ufuo mwingine kama wenzake waliohama. Amebaki. Nilimwona ni mtu mkali. Sasa nadhani ni mtu anayengoja.

Na Adome nilimwona mgumu. Lakini nikifikiria mama, siwezi kumwambia Adome kitu ambacho sijawahi kumwambia mama.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua! Tulitoka darasani tukasimama nayo. Hata Mwalimu Chelangat, anayetoka kwenye milima ya mvua ya kila siku, alinyoosha mikono.

Jumanne, 25 Machi

Mvua tena. Mto Turkwel umejaa na una rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo yote, nimejikuta nikifikiri, yanakwenda ziwani.

Ijumaa, 28 Machi

Nawoi amekuja kwenye kitanda changu. Ekidor amempigia Mwalimu Chelangat simu kumjulisha kwamba ziwa limepanda hadi kwenye fito za nyavu. Familia mbili zaidi zimefungasha kwa sababu ya njaa, na zilizobaki zinasema zikihama safari hii, hazitarudi. Nalemsoi itakwisha.

"Si waingie tu na nyavu zao?" nilisema. "Nani atawakataza?"

"Hakuna. Ndiyo maana hawaingii." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Babu yangu alizama, kijiji kizima kikakaa na njaa kwa ajili ya bibi yangu. Unadhani watamnyima mama yangu hilo sasa?"

Nikamwomba msamaha tena. Akasema alinisamehe zamani, ila alikuwa amenuna kwa muda mrefu mno mpaka akasahau jinsi ya kuacha.

Alhamisi, 3 Aprili

Tulisoma mbele ya wazazi. Mama hakuweza kuja, laga, ile mito ya msimu, zimefurika na barabara ya Kakuma imekatika. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mila ya nyavu hatutaisoma, si yetu kuitangaza. Nilipomaliza habari za makapu, Nawoi alisogea mbele na kusema kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. "Mimi ni wa Nalemsoi. Naweza kumtoa samaki ngege mwiba kwa meno nikiwa nimefumba macho."

Watu walipiga makofi. Baadaye Maryanne alimwendea akamuuliza, "Kweli unaweza?" Hakuwa anadhihaki. "Nifundishe basi, mimi huwa nakwamwa."

Mwalimu Chelangat akaniita pembeni. Amepokea simu kutoka kwa Adome mwenyewe, na ujumbe ulikuwa mfupi. "Nawoi akija, amlete yule wa samaki."

Jumapili, 6 Aprili

Tulifika Nalemsoi jana jioni, tumelowa. Adome alitupa uji, akatuambia tulale. Mlangoni palikuwa na kapu. Nawoi aliliona kabla yangu, akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Lilikuwa jipya, makuti yake bado ya kijani. Adome alikuwa amelisuka mwenyewe, mlangoni pale pale, machoni pa kijiji kizima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni la nini.

Leo asubuhi, watu walipokuwa wakienda kusali chini ya turubai, alilichukua akatembea kuelekea majini. Hakumwambia mtu. Nyimbo zikakatika katikati. Wote wakatoka, wakasimama ufukweni, hata watoto.

Ekidor na wanaume wawili wakachukua makasia, wakaingia majini mbali naye, huku na huku, wakiyapiga maji kuwafukuza mamba. Hawakumsogelea.

Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, kisha kifuani. Alikandamiza kapu. Akapitisha mkono. Hakuna kitu. Akasogea, akakandamiza tena. Hakuna kitu. Alikuwa akielekea kwenye nguzo za kanisa la zamani, na ndege weusi wakaruka wote kwa pamoja. Nawoi alitaka kumfuata, yule jirani mnene akamkumbatia kwa nyuma. "Muache, mama. Hiyo ni kazi yake peke yake." Huyo huyo aliyenifokea, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Alitafuta mpaka jua likawa kali. Wakati mmoja aliteleza akazama hadi kichwani, na ufuo wote ukasema "Yoi!" kwa pamoja. Akainuka. Kapu bado lilikuwa mkononi.

Kisha akalikandamiza na hakuliinua. Alisimama hivyo, ameinama juu yake, kwa muda. Nadhani alikuwa ameshamsikia samaki akigonga. Nadhani alikuwa anajua kwamba akimtoa, basi.

Akapitisha mkono, akamtoa ngege, mdogo, wa kutosha kiganja. Alimwinua juu, akaligeukia ziwa, akaita kwa sauti ambayo sikujua mtu mmoja anaweza kuwa nayo:

"Lochakapong!"

Hilo ndilo jina la kaka yake Nawoi. Nililisikia leo kwa mara ya kwanza.

Akaita tena. Ndipo ufuo mzima ukaitikia, wanawake, wanaume, Ekidor akiwa bado majini na kasia limemponyoka, wote wakiita jina moja walilokuwa wamelimeza tangu mwezi wa kumi. Nami niliita.

Adome alimpika yule samaki mwenyewe. Akawashusha na samaki wangu kutoka darini, akawatia chungu kimoja na yule ngege, maana mmoja asingetosha kijiji. "Hawa wametoka mbali kunikalisha kitako," akawaambia watu, na wakacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akamtenga ngege kwenye bakuli, peke yake. Kila mtu akatazama kando.

"Hii ni ya Lochakapong," akasema. Akaliweka mbele ya Nawoi. "Kula, ndugu yako anakulisha. Na wewe wa Kakuma, kula naye. Wewe ndiye unajua vile inaliwa."

Tukala. Nilimwachia Nawoi kichwa.

Adome akasimama, akasema, "Kuleni."

Naandika haya mchana. Wanaume wanakung'uta vumbi kwenye nyavu na kuku wamekasirika. Ekidor ananiuliza kama mama yangu anaweza kununua samaki wa Nalemsoi. Nimesema nitamuuliza. Mmoja wa waliohama amerudi tayari na godoro lake kichwani.

Alhamisi, 10 Aprili

Barabara imefunguka. Niko nyumbani.

Jioni mama alipika mboga na asida, ugali wa kwao. Akatupakulia, kisha akapakua bakuli la baba, akatafuta kifuniko. Nikamsimulia habari za Nalemsoi, zote, tangu furushi lake mpaka jina lile. Hakunikatiza. Alikaa na kifuniko mkononi.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Huyo mama, maji yalimfika wapi?"

"Kifuani."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayeyapima. Nje watoto wa jirani yetu Mkongo walikuwa wakigombania mpira.

Mama hakufunika bakuli. Alilisukuma mkekani mpaka likagusa goti langu, likiwa bado linatoa moshi.

"Kula, Nyadak," akasema. "Leo kula kabla halijapoa."